Kitambi na Pombe: Mwongozo Kamili kwa Mnywaji wa Dar es Salaam

Kitambi cha mnywaji hakiletwi na bia peke yake. Kinaletwa na mambo matatu yanayokutana usiku mmoja: pombe inayouzuia mwili kuunguza mafuta, chakula kinachoagizwa juu ya pombe hiyo, na usingizi mbovu unaofuata. Ndiyo maana aliyehama bia akaingia kwenye Konyagi "ili tumbo lishuke" hashuki, na anayefunga kula mchana ili anywe vizuri jioni anazidi kunenepa kiunoni. Mwongozo huu unaanza na usalama, kisha kupima, kuhesabu, kupunguza na kula. Ufuate kwa mpangilio huo. Wengi wanaoshindwa huanzia kwenye mazoezi na kuruka hesabu.

Kabla hujaanza: wasiotakiwa kupunguza peke yao

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, au huwezi kushika kikombe cha chai mpaka uzimue kwanza, usiache pombe ghafla. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya saa 6 hadi 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kupanda homa, na hata kufa. Nenda Amana, Mwananyamala, Temeke au Muhimbili, useme kiasi halisi unachokunywa bila kukipunguza. Zipo dawa za kumvusha mtu katika siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa. Onyo hili linamhusu pia anayeacha kwa ajili ya Kwaresima.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi aongee na daktari wake kwanza. Ini likiwa linashughulika na pombe linashindwa kuachia sukari kwenye damu, kwa hiyo sukari inaweza kushuka usiku wa manane, saa kadhaa baada ya baa. Hatari zaidi ni kwamba dalili zake (kuyumba, maneno kukwama, jasho) zinafanana na ulevi, na waliopo nyumbani wanamwacha alale. Mjamzito, na mwenye homa ya ini B au C, hawapunguzi: wanaacha kabisa.

Jambo la mwisho hapa: si kila tumbo kubwa la mnywaji ni mafuta. Tumbo lililokua ndani ya wiki chache, ngozi imevutika, miguu imevimba, macho yana rangi ya njano, huku mikono na mapaja yakikonda, huenda limejaa maji kwa sababu ini limechoka. Kichocho na homa ya ini vinaweza kuleta hali hiyo hata kwa asiyekunywa. Hilo ni la hospitali wiki hii hii, na hakuna hatua yoyote hapa chini itakayolisaidia.

Pombe inafanya nini hasa tumboni

Yapo mafuta ya aina mbili kiunoni. Ya kwanza yako chini ya ngozi, unaweza kuyakunja kwa vidole. Ya pili yako ndani, yamezunguka utumbo na ini, na hayashikiki. Kitambi kigumu kilichosimama kama ngoma, ambacho wenye nacho hujisifu kwamba "hiki si mafuta, ni kigumu", mara nyingi ndicho chenye mafuta mengi ya ndani: yanasukuma misuli ya tumbo kutoka nyuma yake. Mafuta haya ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu damu inayotoka eneo hilo inaelekea moja kwa moja kwenye ini. Yanapanda pamoja na presha, sukari na mafuta kwenye damu.

Mwili hauna ghala la pombe. Wanga una pa kuwekwa, mafuta yana pa kuwekwa, lakini pombe ni sumu inayotakiwa kuondolewa, na ini huipa njia kama gari la wagonjwa kwenye foleni ya Morogoro Road: mengine yote yanakaa pembeni. Ini linaigeuza pombe kuwa asetaldehidi, kisha asetati, na asetati hiyo inasambazwa mwilini kama nishati. Misuli ikishapata nishati hiyo haina haja ya kuunguza mafuta. Katika jaribio la watafiti wa Uswisi lililochapishwa mwaka 1992, watu wenye afya walipewa pombe wakiwa ndani ya chumba maalumu cha kupima matumizi ya nishati, na uunguzaji wao wa mafuta kwa saa 24 ulipungua kwa karibu theluthi moja. Pombe yenyewe hugeuka mafuta kwa kiasi kidogo sana. Mafuta yanayobaki tumboni ni yale ya chipsi na mishkaki uliyokula nayo, ambayo siku hiyo hayakuunguzwa.

Ini hutoa takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Bia 5 za nusu lita zenye asilimia 5 zina gramu 100. Ukianza saa 1 jioni, ini linamaliza kazi kati ya alfajiri na saa 3 asubuhi. Muda wote huo mafuta yanasubiri, na kahawa, supu au kuoga maji baridi haviongezi kasi hata kidogo.

Je, kuna kitu maalumu kwenye bia? Utafiti uliofanywa katika Jamhuri ya Czech, nchi ya wanywaji wakubwa wa bia, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta uhusiano dhaifu kati ya bia na ukubwa wa tumbo. Wastani wa wanaume waliopimwa ulikuwa lita 3 hivi kwa wiki, sawa na chupa 6 za hapa kwetu. Tofauti inaonekana zaidi kwa wanaokunywa nyingi kwa mkao mmoja, na mnywaji wa Dar wa Ijumaa na Jumamosi yuko hapo: Jumatatu hadi Alhamisi hagusi, akaamini kwamba yeye "si mnywaji".

Kwa wanaume mafuta hukimbilia tumboni tangu ujana. Kwa wanawake hukaa zaidi nyongani na mapajani mpaka hedhi inapokoma, kisha nayo huhamia tumboni. Mwanamke pia ana maji kidogo mwilini kuliko mwanamume wa uzito uleule, hivyo chupa ileile inampa kiwango kikubwa zaidi cha pombe kwenye damu.

Hatua ya 1: Pima kiuno, tena mahali sahihi

Nunua futi ya fundi cherehani na uilinganishe na rula kwanza, kwa sababu futi za kitambaa zilizotumika sana huvutika na kudanganya. Pima asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya chai, bila nguo tumboni. Simama miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Kwa vidole tafuta ubavuni mwisho wa mbavu ya chini, kisha tafuta juu ya mfupa wa nyonga. Futi inapita katikati ya sehemu hizo mbili, ikiwa sambamba na sakafu kuzunguka mgongoni, imegusa ngozi bila kuibana. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo, soma. Rudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita 1, pima mara ya tatu.

Kosa kubwa ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa. Mwanaume anaweza kuvaa suruali namba 34 kwa miaka kumi kwa sababu anaishusha chini ya kitambi kila kinapokua. Suruali haijabadilika, kiuno kimeongezeka.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, hatari inaanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 (inchi 37) kwa mwanamume na 80 (inchi 31.5) kwa mwanamke. Inapanda sana kikizidi 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Kipimo kingine rahisi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 170 asizidi 85. Mtu mfupi akitegemea kipimo hiki cha pili atajua hali yake mapema kuliko kwa kile cha kwanza.

Andika namba na tarehe. Pima mara moja kila wiki mbili, siku ileile. Kupima kila asubuhi kunachanganya, maana gesi na chumvi ya jana vinaweza kusogeza kipimo hata bila mafuta kubadilika.

Hatua ya 2: Hesabu gramu, achana na kuhesabu chupa

Fomula ni moja: mililita × asilimia ya pombe × 0.8 ÷ 100 = gramu za pombe. Asilimia iko kwenye lebo. Kila gramu ina kalori 7, wakati wanga na protini zina 4 na mafuta yana 9.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 za pombe. Hiyo ni kalori 140, na ukiongeza wanga wake unafika 210 hivi. Bia nyepesi ya asilimia 4 ina gramu 16, kwa hiyo tano za "laiti" ni sawa na nne za kawaida, na anayekunywa saba kwa sababu "hizi ni laiti" amezidisha. Mvinyo wa asilimia 12, glasi ya mililita 150, una gramu 14 hivi. Chupa nzima ya mililita 750 ina 72, na mvinyo mtamu wa Dodoma unaongeza sukari juu yake.

Kwenye vinywaji vikali ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Konyagi ina asilimia 35. Toti ya mililita 30 ina gramu 8.4 tu, lakini ile chupa ndogo ya mililita 200 ina gramu 56, karibu sawa na bia tatu, na wengi huiita "moja". Ichanganye na soda mbili za mililita 350, kila moja ikiwa na kalori kama 150 za sukari, na umefika karibu kalori 690. Bia tatu zingekupa 630. Tangu viroba vipigwe marufuku mwezi Machi 2017 chupa hizi ndogo ndizo zimechukua nafasi, na zinabebeka mfukoni kiasi kwamba hesabu inapotea. Kama lazima unywe kikali, changanya na soda water isiyo na sukari au maji na ndimu. Toniki ina sukari, ingawa uchungu wake unaificha. Enaji ni mbaya zaidi, kwa sababu kafeini inaondoa hisia ya kulewa bila kuondoa pombe, nawe unaongeza nyingine.

Mnazi hauna lebo. Ukigemwa asubuhi ni mtamu na una pombe kidogo. Kadiri saa zinavyokwenda sukari inageuka pombe, hivyo kopo la jioni si sawa na kopo la asubuhi hata kama ni kopo lilelile. Mbege ina pombe na juu yake wanga wa ndizi na ulezi, kwa hiyo ihesabu kama kinywaji na chakula. Gongo haihesabiki kwa sababu nguvu yake hubadilika kila mtungi, na inaweza kuwa na methanoli inayopofusha na kuua. Mtu anayejali afya yake aiache.

Kwa siku 14 andika kwenye simu kila kinywaji wakati unakunywa, usingoje kesho yake: aina, mililita, asilimia, saa, uko na nani, umekula nini. Usibadilishe chochote katika siku hizo. Mwishoni jumlisha gramu za kila usiku, halafu tafuta usiku mzito kuliko yote. Huo ndio utakaofanyiwa kazi.

Chukua mfano wa mtu anayekunywa bia 5 Ijumaa, 6 Jumamosi na 3 Jumapili. Ni chupa 14, gramu 280, kalori karibu 2,940 kwa wiki kabla ya kuhesabu chakula. Akishuka hadi chupa 5 kwa wiki anaokoa karibu kalori 1,900. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori 7,700 hivi, kwa hiyo kwa karatasi ni karibu kilo moja kwa mwezi. Kwa mwili halisi huwa pungufu kidogo, maana kadiri unavyopungua nao unapunguza matumizi yake.

Hatua ya 3: Punguza kuanzia usiku mzito

Kuondoa bia moja moja kila siku hakuna nguvu kama kuvunja ule mkao mmoja wa chupa sita. Mkao huo ndio unaolizuia ini hadi asubuhi, unaoleta chakula cha usiku wa manane, na unaoharibu usingizi.

Njia ninayoiamini zaidi ni wiki 4 za kutokunywa kabisa, kisha kurudi kwa kiwango kilichopangwa. Kwa watu wengi "hapana" ni rahisi kuliko "kidogo", kwa sababu chupa ya kwanza ndiyo inayoidhinisha ya pili. Zaidi ya hapo, mafuta yaliyojaa kwenye ini kwa sababu ya pombe yanaweza kuondoka ndani ya wiki 4 hadi 6 mtu akiacha kabisa. Asiyeweza aanze kwa kukata nusu ya usiku mzito kwa wiki 2, kisha nusu nyingine.

Kiwango cha baadaye? Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Uingereza, tangu 2016, inawashauri watu wazima wasizidi gramu 112 kwa wiki, zikigawanywa kwa siku 3 au zaidi, yaani chini ya chupa 6 za nusu lita. Kwa anayetaka kiuno kishuke, chukua hii: mwanamume chupa 2 na mwanamke 1 kwa mkao, siku zisizidi 2 kwa wiki, na siku hizo zisifuatane.

Sasa meza yenyewe, maana mpango hufia mezani.

Fika ukiwa umekunywa maji nusu lita nyumbani. Kwa joto la Dar mtu huingia baa ana kiu, na bia mbili za kwanza zinakwenda kwa kazi ambayo maji yangeifanya bure. Chelewa: kikao cha saa 12 jioni, ingia saa 2. Mwambie mhudumu tangu mwanzo, "Dada, chupa zangu tupu usiziondoe," ili hesabu ibaki mbele ya macho yako. Kataa mzunguko. Meza ya watu sita wenye kununuliana raundi ina bia sita kwa kila mtu kabla hamjamaliza mazungumzo, na aliyekwisha kununuliwa anaona aibu kuondoka kabla hajarudisha. Sema mapema, "Leo kila mtu na bili yake." Ofa ikija, mwombe mhudumu aifanye maji makubwa. Hakuna anayeudhika kwa maji, anayeudhika huudhika kwa kukataliwa. Usikubali chupa kubwa ya kikali iwekwe katikati ya meza na barafu pembeni: chupa ya namna hiyo haina kipimo, kila mmoja anamiminiwa na mwenzake. Agiza kwa toti.

Vikao vya harusi vinastahili mpango wake. Kamati inakutana kila wikiendi kwa miezi miwili au mitatu, mara nyingi baa, halafu inakuja send-off, kitchen party na harusi yenyewe yenye kreti kila meza. Msimu mmoja wa namna hiyo unaweza kumwongezea mtu kiuno kwa sentimita kadhaa bila kugundua. Jitolee kuwa katibu au mweka hazina wa kikao. Anayeandika michango hanywi haraka.

Ukibadilisha bia kwa kinywaji kingine, soma lebo. Vinywaji vya kimea visivyo na kilevi vingi vina sukari nyingi. Wiki mbili za kwanza mwili hutamani vitamu, na aliyeacha bia 4 akaingia soda 4 hajaokoa kitu cha maana kwa upande wa kalori. Maji, maji yenye ndimu, chai ya rangi bila sukari, au dafu moja vinatosha.

Hatua ya 4: Chakula kabla, wakati na baada

Pombe huamsha njaa hata kwa aliyeshiba, na inalegeza uamuzi. Kwa hiyo maamuzi ya chakula yafanyike kabla ya chupa ya kwanza.

Kula saa moja au mbili kabla ya kutoka: ugali wa ngumi moja, samaki au dagaa au maharage, na mboga za majani nyingi. Chakula tumboni kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu. Anayeruka mlo "ili kubakiza nafasi" analewa haraka, na saa 7 usiku anasimama kwenye kibanda cha chipsi. Anaagiza zege, yaani chipsi mayai. Tuichambue kwa makini. Viazi vya kukaanga gramu 200 vina kalori kama 600. Mayai mawili, 140. Mafuta mapya anayomimina muuzaji kwenye kikaango, kijiko kimoja cha chakula, 120. Jumla 860, bila mishkaki na bila tomato sosi, na inaingia saa ambayo mwili umepunguza uunguzaji wa mafuta mpaka asubuhi. Sahani hiyo moja inazidi bia nne.

Ukiwa baa, nyama choma ni bora kuliko kitimoto cha kukaanga, mradi ukate mafuta yanayoonekana. Robo kilo inamtosha mtu mmoja. Ile nusu kilo ya kawaida igawaneni wawili. Kuku wa kuchoma ondoa ngozi. Samaki wa kuchoma ni bora zaidi. Ndizi choma moja au mbili badala ya chipsi, na kachumbari ya kutosha yenye chumvi kidogo: chumvi huleta kiu, na kiu baa ina jibu moja. Karanga zinazoletwa mezani zisogeze mbali na mkono.

Asubuhi yake tatizo si supu. Supu ya mbuzi ukiengua mafuta yaliyoelea ni chakula kizuri. Tatizo ni chapati mbili au tatu pembeni, na bia ya kuzimua inayofuata. Kuzimua kunalirudisha ini kazini pale lilipokaribia kumaliza, na siku ya pili ya uunguzaji wa mafuta inapotea. Kunywa maji, kula supu na ndizi moja ya kupikwa, kisha lala tena kama unaweza. Usiku wa pombe mtu husinzia haraka lakini usingizi unakatika kuanzia katikati ya usiku. Kukoroma kunaongezeka, na mwili uliokosa usingizi huamka ukitaka vyakula vya mafuta na sukari siku nzima.

Hatua ya 5: Mwendo na misuli

Sit-up hazichomi mafuta ya tumbo. Zinakaza misuli iliyo chini yake. Kinachopunguza mafuta ya ndani ni kutembea kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na siku 2 za kazi ya misuli: pushapu, kuchuchumaa na kusimama, kubeba uzito. Misuli ina umuhimu wa pekee kwa mnywaji wa muda mrefu, kwa sababu pombe nyingi hupunguza homoni ya kiume na kuila misuli ya mapaja na mikono, ndipo linapokuja lile umbo la miguu myembamba na tumbo kubwa. Shuka kituo kimoja au viwili vya mwendokasi kabla ya chako, au tembea daraja la Tanzanite kwenda na kurudi kabla ya saa 2 asubuhi, jua halijawa kali. Usikimbie siku ya hangova ili "kutoa pombe kwa jasho". Jasho, pumzi na mkojo kwa pamoja havizidi asilimia 10 hivi ya pombe yote, na unajiongezea upungufu wa maji.

Chai za kupunguza tumbo nyingi ni za kuharisha. Zinatoa maji na kinyesi, kiuno kinarudi baada ya siku mbili. Mikanda ya kubana inatoa jasho. Ndimu na tangawizi ni vinywaji vizuri, lakini haviyeyushi mafuta. Dawa za kienyeji za "kusafisha ini" zinaweza kulidhuru ini ambalo tayari lina mafuta. Pesa hiyo itumie kwa vipimo.

Utaona nini ndani ya wiki 12

Wiki mbili za kwanza uzito unaweza kushuka kilo 1 hadi 2, sehemu kubwa ikiwa maji. Usifurahi mapema. Kuanzia wiki ya tatu usingizi unatulia na njaa ya asubuhi inapungua. Baada ya hapo, kwa wastani, kilo 1 inayopungua huenda na sentimita 1 hivi ya kiuno. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito wako, yaani kilo 4.5 kwa mwenye kilo 90, mafuta kwenye ini yanapungua kwa kiasi kinachopimika. Wapo ambao mizani haisogei lakini futi inasogea, kwa kuwa misuli imeongezeka. Waiamini futi.

Kiuno kikigoma wiki 12 nzima, rudia daftari la siku 14 kabla ya kulaumu mwili. Mara nyingi linaonyesha moja ya haya: soda zimechukua nafasi ya bia, siku mbili zimefuatana tena, toti zinamiminwa bila kipimo, au ofa haziandikwi. Kama daftari ni safi, nenda kituo cha afya upime presha, sukari ya kabla ya kula, mafuta ya damu, vimeng'enya vya ini na homa ya ini B na C, na uombe utrasaundi ya tumbo. Mweleze daktari dawa unazotumia, maana baadhi, kama vile vidonge vya jamii ya kotikosteroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mzio), huongeza mafuta ya kiunoni zenyewe. Usinywe pombe siku 3 kabla ya kutoa damu, kwa sababu inapandisha mafuta ya damu na kuharibu majibu, na uwe hujala kwa saa 8 hadi 12 isipokuwa maji.